Mama alifia Houston, mirathi yake ikabaki Virginia

Dada mtu alikuja ofisini kwangu hapa Virginia, ninapowaandalia watu ritani za kodi, jioni ya tarehe 20 Februari 2025, mkononi ana bahasha ya kaki. Kaka yake alikuwa kwenye simu kutoka Houston. Ameegesha lori pembeni, injini bado inanguruma. Mdogo wao wa mwisho yuko Tanga, na kule ilikuwa usiku wa manane, kwa hiyo tuliongea bila yeye. Hilo nililijutia baadaye, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza zaidi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja ya maana: fomu 1099-R ya mwaka 2024, inayoonyesha fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya kustaafu. Jina lililoandikwa si la mtoto yeyote, ni la mirathi ya marehemu mama yao, yaani mali aliyoiacha, ambayo kisheria huhesabiwa kama mlipa kodi anayejitegemea, na namba ya mlipa kodi ni ile ambayo IRS, idara ya kodi ya serikali ya shirikisho, iliipa mirathi. Fedha zilizotolewa: dola 90,000. Kodi ya zuio iliyokatwa: dola 9,000. Kwenye kisanduku cha 7 palikuwa na tarakimu 4, alama ya malipo yanayotokana na kifo. Dada akaniuliza, "Kaka, hii 9,000 si ndiyo kodi yenyewe? Si tumeshamaliza?"

Hawakuwa wamemaliza. Majina nimeyaficha na hesabu nimezizungusha ili familia isitambulike, lakini mambo yalikwenda kwa mpangilio huu huu.

Marehemu alifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika kaunti ya Fairfax, hapa Virginia. Akiba yake ya kustaafu aliihamisha kutoka mpango wa mwajiri kwenda akaunti ya IRA ya kawaida, ile ambayo fedha zake huingia kabla ya kukatwa kodi na kodi hungoja siku ya kutolewa. Mwaka 2009 alijaza fomu ya mnufaika, inayotaja nani apokee fedha za akaunti mwenyewe akifa. Nimeiona nakala yake. Mstari wa kwanza una jina la mumewe kwa wino wa buluu, mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika mafaili ya wagonjwa. Mstari wa pili, wa mnufaika wa kushika nafasi kama wa kwanza hayupo, una kistari tu. Mume alifariki mwaka 2019. Fomu haikuguswa tena. Mama alipofariki Novemba 2023 akiwa na umri wa miaka 67, mkataba wa akaunti ulikuwa na jibu lake: kama hakuna mnufaika aliye hai, fedha ziende kwenye mirathi.

Baada ya arobaini, dada akaapishwa kuwa msimamizi kwa karani wa mahakama. Wosia ulisema watoto watatu wagawane sawa. Agosti 2024 akaivunja akaunti yote kwa mkupuo. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu mmoja msibani alimwambia fedha za marehemu zisikae kwa watu, zitolewe zote, na isitoshe urithi Marekani hauna kodi. Zikaingia benki dola 81,000, wakili na gharama za mahakama zikachukua 5,400, na zile 75,600 zilizobaki zikakaa tu. Ndugu walikuwa wanabishana kama zitengeneze paa la nyumba ya mama kabla ya kuiuza, au zigawiwe kwanza. Desemba ikapita.

Nianze na huyo mtu wa msibani, kwa sababu maneno yake nayasikia kila mwaka na nusu yake ni kweli. Kodi ya shirikisho juu ya mali ya marehemu haiigusi familia kama hii: kwa waliofariki mwaka 2023 inaanza mali inapozidi dola milioni 12.92. Virginia nayo iliifuta kodi yake ya aina hiyo kwa vifo vya kuanzia Julai 2007. Mpaka hapo yuko sahihi. Lakini akaunti ya kustaafu ya kawaida ni mshahara ambao mama hakuwahi kuulipia kodi ya mapato. Kifo hakiifuti kodi hiyo, kinabadilisha tu mtu wa kuilipa. Nyumba ya mama inachukuliwa kana kwamba warithi waliinunua kwa bei ya siku aliyofariki, hivyo faida ya miaka yote ya nyuma haitozwi. IRA haina bahati hiyo. Kila dola inayotoka ni mapato ya yule anayeipokea, na hapa aliyeipokea ni mirathi.

Na mirathi hutozwa kwa ukali ambao watu hawautarajii. Mtu mmoja asiye na ndoa, mwaka 2024, alifika kiwango cha 37% mapato yake yakizidi dola 609,350. Mirathi ilifika hapo baada ya dola 15,200. Nikawapigia hesabu mezani. Toa 5,400 za gharama, toa msamaha wa dola 600 ambao kila mirathi hupewa, zinabaki 84,000 za kutozwa. Shirikisho: dola 29,115.50. Virginia huanzia kwenye hesabu hiyo hiyo ya shirikisho na kutoza kwa ngazi, mpaka 5.75% kwa kila kinachozidi dola 17,000: dola 4,572.50. Jumla 33,688. Zile 9,000 zilizokwisha kukatwa zilikuwa makisio tu. Kampuni inayotunza IRA hukata 10% kama hukuiagiza vinginevyo, na haina habari na kodi halisi itakuwa kiasi gani.

Dada alinyamaza. Kaka wa Houston hakunyamaza.

"Dada, subiri," alisema. "Virginia inaingiaje hapa? Mama amefia kwangu. Cheti cha kifo ni cha Texas, na Texas haina kodi ya mapato."

Hoja hiyo ilistahili kujibiwa kwa makini, na ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki. Aprili 2023 mama alikwenda Houston kwa sababu hospitali ya huko ilikubali kumtibu na kwa mwanawe kulikuwa na chumba cha chini kisichohitaji ngazi. Akakaa miezi saba. Barua zake zikahamishiwa huko. Alifia huko.

Lakini jimbo halitazami kitanda alichofia mtu. Linatazama makazi yake ya kudumu, mahali anapopahesabu kuwa kwao, ambapo hata akiondoka nia yake ni kurudi. Makazi ya zamani hayakatiki mpaka mtu awe amehamia kwingine na amekusudia kubaki huko. Mirathi ya mtu ambaye makazi yake ya kudumu yalikuwa Virginia siku ya kufa ni mkazi wa Virginia, na mkazi hutozwa kwa mapato yake yote, yametoka wapi hayajalishi. Kampuni inayotunza akaunti ina makao yake jimbo jingine kabisa, haibadilishi kitu. Hata msimamizi angekuwa kaka mwenyewe huko Houston, jibu lingekuwa lilelile.

Nikamwomba dada anieleze mama aliacha nini Virginia. Nyumba, ambayo haikupangishwa. Leseni ya udereva ya Virginia, iliyokuwa bado hai. Ritani za kodi za mwaka 2022 na 2023 zilizojazwa kama mkazi wa Virginia, ile ya mwisho ikiwa imejazwa na dada mwenyewe kwa niaba ya marehemu. Makoti ya baridi kabatini. Halafu akafungua simu akanionyesha tiketi: Houston kwenda Dulles, uwanja wa ndege wa hapa Virginia, tarehe 12 Desemba 2023, jina la mama. Ilikuwa imekatwa mwezi Septemba, katikati ya matibabu, ili Krismasi imkute kwake.

Kwenye spika tulisikia injini ikizimwa. Kaka akasema taratibu, "Ile tiketi nilimkatia mimi."

Hakuna ushahidi wa nia ulio wazi kuliko huo. Ningeweza kumwandikia ritani inayosema mama alikuwa wa Texas, lakini ingekuwa uongo, na wosia wenyewe umethibitishwa katika mahakama ya Virginia kwa maelezo kwamba marehemu alikuwa mkazi wake. Huwezi kuwa wa Fairfax mbele ya karani wa mahakama ukawa wa Houston mbele ya idara ya kodi.

Kaka alikuwa na hoja ya pili, ameisoma mahali: kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayokataza jimbo kutoza pensheni ya mtu ambaye si mkazi wake. Sheria ipo kweli. Ilitungwa kwa sababu majimbo yalikuwa yakiwafuata wastaafu waliokwisha hamia kwingine. Lakini inamlinda mtu dhidi ya jimbo alilolihama, na kwa fedha zinazobaki ndani ya mirathi, mlipa kodi ni mirathi ya mama, ambayo ni mkazi wa Virginia. Hapo sheria ya 1996 haina la kusema. Kwa upande wa kaka, jibu lake zuri lilikuwa linakuja kwa njia nyingine.

Njia yenyewe ni hii. Mirathi inapogawa fedha kwa warithi, mapato ya mwaka huo hutoka pamoja nazo. Mirathi hupunguza kiasi hicho kwenye hesabu yake, na kila mrithi hupewa karatasi iitwayo K-1 inayomwambia aongeze sehemu yake kwenye ritani yake. Kwa hiyo swali la jimbo lina majibu mawili kwa dola ileile. Ikibaki kwenye mirathi mpaka mwaka uishe, inatozwa mahali marehemu alipokuwa na kwao. Ikitoka, inatozwa mahali mrithi anapoishi. Mrithi asiye mkazi wa Virginia anadaiwa na Virginia kwa vitu vyenye mizizi Virginia, kama kodi ya pango ya nyumba iliyoko huko au biashara inayoendeshwa huko. Fedha za IRA hazina mzizi wa namna hiyo.

Ila mwaka 2024 ulikuwa umekwisha na hakuna senti iliyogawiwa. Dada aliuliza sasa tufanyeje, na nilifurahi kuwa na la kumwambia. Sheria ya kodi inampa msimamizi siku 65 baada ya mwaka wa mirathi kuisha: atakachogawa ndani ya siku hizo anaweza kuchagua kihesabiwe kana kwamba kiligawiwa siku ya mwisho ya mwaka uliopita. Uchaguzi huo hufanywa kwenye fomu 1041 yenyewe, ambayo ndiyo ritani ya shirikisho ya mirathi, na ritani ikishapitiliza muda wake hauwezi kufanywa tena. Siku ya 65 ya mwaka 2025 ilikuwa Alhamisi tarehe 6 Machi. Tulikuwa na wiki mbili kamili.

Kabla ya kugawa niliuliza kuhusu madeni, na ninasisitiza hatua hii kwa kila msimamizi. Fedha za IRA zilizoingia kwenye mirathi zinaweza kudaiwa na hospitali na wadai wengine wa marehemu. Zingekwenda moja kwa moja kwa mnufaika, kwa kawaida zisingepita mikononi mwao. Na msimamizi akigawa kila kitu huku serikali inadai, deni linaweza kumrudia yeye binafsi. Dada alikuwa ameshalipa hospitali na mazishi kutoka akaunti ya kawaida ya mama, miezi sita ya mwanzo ilikuwa imepita zamani, na wakili alikuwa amefuata utaratibu wa mahakama wa kuwaita wadai. Kwa upande wa IRS, zile 9,000 zilikuwa tayari mikononi mwake. Tukaendelea.

Dola 75,600 kwa watatu ni 25,200 kila mmoja. Ndani ya mirathi zikabaki za kutozwa 8,400 tu, yaani zile 9,000 za zuio, ambazo hazikuweza kugawiwa kwa sababu hazikuwepo benki, ukitoa msamaha wa 600. Kodi ya shirikisho ikashuka kutoka 29,115.50 hadi 1,582. Ya Virginia ikashuka hadi 290.

Kwa warithi ilikuwa hivi. Dada anaishi Virginia na kipato chake kiko ngazi ya 22%: shirikisho 5,544, na Virginia 1,449 kwa sababu yeye mwenyewe ni mkazi. Kaka ana watoto wanne, yuko ngazi ya 12%: shirikisho 3,024, Texas haina cha kudai, Virginia haina cha kudai kwake. Hapo akapata Texas yake aliyoitaka, kwa haki, kwa sababu yeye ndiye anayeishi Texas.

Wa Tanga hana uraia wa Marekani wala grinikadi, na haishi huku. Kwa mtu wa namna hiyo kanuni ya kawaida ni kwamba msimamizi akate 30% kabla ya kutuma, bila kujali mrithi ni tajiri au hana kitu. Nchi zenye mikataba ya kodi na Marekani hupunguziwa, lakini Afrika nzima mikataba hiyo ipo kwa Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini tu. Tanzania haimo, Kenya haimo. Katika dola 25,200 zake, 7,560 zilikwenda IRS na 17,640 zikaenda Tanga.

Nilimpigia mwenyewe asubuhi yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu la kumridhisha: "Mjomba, mama ni mmoja. Kwa nini kaka akatwe elfu tatu na mimi elfu saba na nusu?" Nilimweleza sheria. Sikumwambia kwamba ni haki, kwa sababu siamini hivyo. Mwalimu wa shule ya msingi Tanga anatozwa kwa asilimia ambayo madaktari wengi wa Marekani hawaifikii. Alisaini fomu ya W-8BEN, ambayo mtu wa nje hujitambulisha nayo kwa ajili ya kodi ya Marekani, akaituma kwa picha, na dada akatuma fedha tarehe 4 Machi, siku mbili kabla ya mlango kufungwa.

Ukijumlisha zote, mirathi na warithi, kodi ilikuwa dola 19,449 badala ya 33,688. Familia ilibaki na 14,239 ambazo zingeondoka kwa sababu tu ya ubishi juu ya paa.

Bado naiona hasara ambayo hakuna siku 65 inayoweza kuirudisha, nayo ilitokea Agosti. Mama alikuwa hajafika miaka 73, umri ambao sheria humlazimisha mwenye akaunti kuanza kutoa. Mnufaika anapokuwa mirathi katika hali hiyo, akaunti inatakiwa iwe tupu mwishoni mwa mwaka wa tano baada ya mwaka wa kifo. Kwao ilikuwa tarehe 31 Desemba 2028. Walikuwa na miaka mitano ya kutoa kidogo kidogo, kila mwaka kiasi kinachomfaa kila mmoja. Zaidi ya hapo, msimamizi anaweza kuiomba kampuni iwagawie warithi akaunti yenyewe bila kuivunja: tatu, kila moja ikiwa na jina la marehemu na la mrithi wake, kwa muda uleule wa miaka mitano. IRS imeliridhia jambo hili mara nyingi katika majibu yake kwa walipa kodi walioomba. Baadhi ya kampuni hukataa au hudai barua ya wakili, na hapo panahitaji subira. Lakini akaunti ya mtu asiye mwenzi wako ikishavunjwa, haiwezi kurudishwa. Dada aliniuliza kama anaweza kuzirudisha zile 81,000 ndani ya siku 60 kama alivyowahi kufanya na akaunti yake. Hapana. Nafasi hiyo warithi hawana.

Na kama mstari wa pili wa fomu ya 2009 ungekuwa na majina matatu, watoto wangepokea moja kwa moja, kwa kanuni ya miaka kumi iliyowekwa kwa vifo vya kuanzia 2020. Mirathi isingehusika, wala Virginia isingekuwa na swali lolote kwa kaka wa Houston. Jimbo la mama lingeweza pia kuwa baya zaidi: angekuwa amehamia Pennsylvania, watoto wangelipa 4.5% ya kodi ya urithi juu ya IRA ya mtu wa umri wake. Ng'ambo ya mto Potomac, Maryland, watoto wamesamehewa kodi ya urithi, lakini mpwa au rafiki angekatwa 10%.

Tulituma fomu 1041 mwezi Machi, uchaguzi wa siku 65 ukiwa umetiwa alama, na ritani ya Virginia kabla ya tarehe yake ya 1 Mei. Zile 290 dada alizitoa mfukoni mwake kwa sababu benki ya mirathi ilikuwa imebaki tupu. Mwezi Juni ikaja hundi ya IRS: 9,000 ukitoa 1,582, dola 7,418. Dada akajirudishia 290, zikabaki 7,128, na akanipigia kuuliza zigawanywe vipi.

Nilimwambia wosia unasema sawa kwa sawa, na kwamba kodi iliyorudishwa si mapato mapya, kwa hiyo maadamu mwaka huo mirathi haina kipato kingine, safari hii hakuna zuio kwa mtu yeyote. Akamwunganisha kaka kwenye simu. Kaka hakuuliza hesabu. Alisema, "Sehemu yangu mpe mdogo wetu." Dada akasema na yake vilevile. Nikaangalia kiwango cha zawadi ambacho mtu hahitaji kukiripoti IRS kwa mwaka 2025, dola 19,000 kwa kila anayetoa. Walikuwa mbali nacho. Zikaenda Tanga zote 7,128, bila kukatwa kodi hata senti.